Mizani Iko Mkononi mwa Nani?



Hakuna nyumba ya Pwani isiyoijua hila ya kopo la mkaa. Muuzaji mwenye nia mbaya haji kukuibia usiku. Hulibonyeza kopo kitako mpaka likaingia ndani, kisha hulijaza mchana kweupe mbele ya macho yako, na juu akakuongezea kilima ili uone ukarimu wake. Wewe waona kilima, kitako hukioni. Utalipa na kushukuru, na siku ya tatu mkaa umekwisha, watu nyumbani wanaulizana nani aliyepika usiku. Si ajabu kwamba katika Qur'ani imo sura yenye jina la watu hawa, Al-Mutaffifin, wapunjaji wa vipimo. Mwizi wa kawaida humwibia mtu mmoja mara moja. Mwenye kopo bovu huwaibia wote wamwendeao, kila siku, nao humsifu njiani.

Leo nataka kusema juu ya kopo jingine, ambalo halishikwi na muuza mkaa maskini wa gengeni. Linashikwa na mabwana wenye suti na vitabu vyenye picha za rangi. Kila mwaka twatangaziwa kuwa ulimwengu umepiga hatua kubwa katika uvumbuzi wa kuhifadhi mazingira: majiko ya kisasa kadha wa kadha yamegawiwa, mitungi ya gesi kadha wa kadha imetolewa, tani kadha wa kadha za moshi zimezuiwa zisipande angani. Huko Ulaya, Ofisi ya Hataza imeweka hata alama maalumu, Y02, ya kuutambua uvumbuzi wa kupunguza mabadiliko ya tabianchi, na wako wataalamu wanaohesabu hataza hizo kama mtu anayehesabu mayai akayaita vifaranga. Nami nauliza: hatua hizo zimepimwa kwa kopo gani, na kopo limeshikwa na nani?

Kauli yangu naiweka wazi tangu hapa. Kifaa kilichogawiwa bado hakijawa maendeleo. Kinakuwa maendeleo siku itakapopimwa, ndani ya nyumba inayokitumia, ikaonekana kuwa mkaa umepungua kapuni na moshi umepungua kifuani. Na kipimo hicho hakifai kushikwa na mtu ambaye ujira wake huongezeka kila kinapoonyesha zaidi.

JAMBO HILI SI LA WAHANDISI PEKE YAO

Yuko atakayesema: Sheikh, haya ni mambo ya wahandisi, wewe rudi kwenye chuo chako ukasomeshe. Namjibu kuwa moshi hauulizi mtu kasoma wapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hewa hiyo inatokana na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha wanyama, makaa ya mawe na mafuta ya taa. Huwaletea watoto kichomi, na watu wazima huwaletea maradhi ya moyo, kiharusi, na maradhi ya mapafu pamoja na saratani yake. Wanaoivuta zaidi ni wale walio karibu na chungu: mama, binti anayesaidia, na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Baba yuko barazani anakunywa kahawa. Anayepunja kipimo cha jiko, basi, anapunja pumzi za hao.

Na bahari nayo imo. Watu wa pwani hii wanaukumbuka mwaka 1998, joto la maji lilipozidi na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yakapauka na kufa. Mvuvi hana haja ya kufundishwa samaki huzaliana wapi. Moshi uliopunguzwa kwa kweli unamfaa yeye kama unavyomfaa mpishi. Moshi uliopunguzwa kwenye karatasi haumfai mmoja wao.

NANI ANAYEKULA MAJI YA MOTO?

Tuanze na namna jiko linavyopimwa kabla ya kutufikia. Tangu miaka ya 1980 kulienea ulimwenguni kipimo kiitwacho Kipimo cha Kuchemsha Maji. Mtaalamu huteka maji akayapima, huyachemsha juu ya jiko, kisha huyaacha yatokote taratibu kwa dakika 45, akapima kuni zilizoungua. Halafu huandika kuwa jiko hili limeokoa asilimia kadha. Kipimo hicho kina faida yake, kwani humwezesha fundi kulinganisha jiko na jiko katika hali moja. Ubaya ulianza pale namba ya maabara ilipochukuliwa ikapelekwa kwa watu kama kwamba ndiyo namba ya jikoni.

Sasa, waungwana, nani katika Lamu, Tanga au Unguja anayekula maji ya moto? Sisi twapika wali wa nazi, na ukikauka hupunguzwa moto chini ukapaliwa makaa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina twauoka kwa makaa chini na makaa juu. Maharage hutokota nusu ya siku. Siku ya maulidi au ya arusi sufuria huhitaji watu wawili kuliteremsha. Jiko lenye mdomo mdogo, lisilotoa makaa ya kupalia, lisilobeba sufuria la shughuli, litawekwa pembeni na seredani itarudi mahali pake. Mara nyingi hata halitupwi. Hutumika kwa chai ya asubuhi na kazi nzito ikaachiwa mafiga. Hapo nyumba ina majiko mawili na moshi wake ni ule ule, hali kitabuni imekwisha kuandikwa kuwa imeokoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako wataalamu waadilifu walioliona hilo, wakaweka kipimo cha jikoni kwenyewe. Mtu huenda nyumbani, hupima kuni au mkaa uliopo, siku ya pili hurudi akapima uliobaki, akaandika na idadi ya waliokula, na hufanya hivyo siku kadhaa mfululizo. Ni kazi ya jasho na ya gharama, na aghalabu akiba inayoonekana huko ni ndogo kuliko ile ya maabara. Sishangai kwamba kipimo hicho hakina wapenzi wengi miongoni mwa wanaotafuta sifa.

Tazameni yaliyotokea kwa wenzetu. Huko India, katika jimbo la Odisha, wataalamu Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone waliwafuatilia watu waliojengewa majiko ya udongo yenye bomba la kutolea moshi. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2016, haukukoma siku ya kugawa. Uliendelea mpaka miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi waliouvuta wapishi ulipungua. Baadaye faida ile ikatoweka, kwa kuwa majiko hayakutumiwa kila siku wala hayakutunzwa inavyopasa. Lau wangalipima mwaka wa kwanza na kwenda zao, kitabu kingaliandika ushindi. Na vijijini Malawi yalijaribiwa majiko ya kisasa zaidi, yenye feni ya kupuliza moto, wakafuatiliwa watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2017 hayakuonyesha kuwa kichomi kimepungua kwa watoto wa nyumba zilizopewa majiko hayo. Nawasifu waliofanya tafiti hizi mbili, kwa sababu walikuwa na ujasiri wa kutangaza namba isiyompendeza mtu.

KUGAWA NA KUTUMIA

Serikali ya India ilikuwa na mpango wa taifa wa majiko bora tangu mwaka 1983 mpaka 2002, na majiko zaidi ya milioni 30 yaligawiwa. Mpango ukafungwa, na moshi ulikuwa bado umetanda katika majumba ya vijijini. Mwaka 2016 nchi hiyo hiyo ilianzisha mpango wa Ujjwala wa kuwaunganisha wanawake maskini na gesi ya mitungi, na kufikia Septemba 2019 nyumba milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Hilo ni jambo kubwa, na asiyelikiri hana insafu. Lakini mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali yao hakuridhika na idadi ya mitungi iliyotolewa. Aliuliza swali la mpishi: mtungi ulipokwisha, ulijazwa tena mara ngapi? Ripoti yake ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa kwa wastani nyumba hizo zilijaza mitungi mitatu na kitu tu kwa mwaka, kiasi kilicho pungufu sana ya mahitaji ya familia. Maana yake ni kwamba siku nyingi za mwaka kuni zilikuwa zikiendelea kuwaka kando ya mtungi.

Nawataka ndugu zetu wa Tanzania wauzingatie mfano huo. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema na naliombea heri. Lakini asilimia 80 ya nini? Mtungi wa kilo 6 uliokabidhiwa mkutanoni ukapigwa picha, gesi yake ikaisha baada ya wiki chache, na sasa unazuia mlango usipigwe na upepo, je, umo katika ile 80 au haumo? Swali hili lijibiwe leo, kabla ya hesabu kufungwa, kwa sababu ikifika 2034 kila mtu atataka kilima kionekane.

Hata kipimo cha Umoja wa Mataifa katika Lengo la 7 la maendeleo kina mwanya huu. Hutazama nishati ambayo nyumba inaitegemea zaidi. Mwenye nyumba akisema gesi, nyumba nzima huandikwa safi, ijapokuwa maharage na mkate hupikwa uani kwa mkaa kila siku. Sisemi kuwa waliokiweka walikusudia hadaa. Nasema ni kopo lenye kitako kilichoingia ndani, na aliyejua hivyo akaendelea kulitumia ataulizwa.

MOSHI UNAOUZWA

Sasa nifike kwenye biashara iliyonisukuma kuandika makala haya. Ziko kampuni zinazogawa majiko bure au kwa bei ndogo, kisha zinauza ule moshi ambao haukutoka. Cheti kimoja ni sawa na tani moja ya hewa ya ukaa. Mnunuzi aweza kuwa shirika la ndege au kiwanda huko Ulaya na Marekani, kinachotaka kuonekana kuwa kimefidia uchafu wake. Mama wa kijijini aliyepokea jiko aghalabu hutia saini au dole gumba kwenye karatasi inayosema kuwa haki ya moshi ule si yake tena. Wangapi walisomewa karatasi ile kwa lugha wanayoielewa?

Hesabu ya cheti hufanywa hivi. Huchukuliwa idadi ya majiko yanayosemwa kuwa yanatumika. Huzidishwa kwa siku ambazo kila jiko linasemwa kuwa limewashwa. Huzidishwa tena kwa kuni au mkaa unaosemwa kuwa umeokolewa kila siku. Kisha huzidishwa kwa sehemu ya kuni zile inayosemwa kuwa imekatwa katika msitu usioota tena, maana mti unaoota tena hurudisha ndani yake hewa ile ile iliyotoka ulipochomwa. Sisi tuliosoma mirathi twajua kuwa kosa katika asili ya hesabu huharibu fungu la kila mrithi. Hapa pana namba nne zinazozidishana. Kila moja ikizidishiwa nusu tu juu ya ukweli wake, jumla inazidi ukweli mara 5. Kila moja ikiongezwa maradufu, jumla inazidi mara 16. Wala hapatakuwa na mtu mmoja aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja atakuwa ametia chumvi kidogo katika chungu chake.

Je, hayo ni dhana yangu? La. Mwezi Januari 2024 wataalamu Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wao juu ya miradi 51 ya majiko katika nchi 25. Waliona kuwa vyeti vilivyotolewa vimezidi upungufu halisi wa moshi mara 9.2. Fikirini, ndugu zangu: kopo tisa zimelipiwa na kopo moja ndiyo iliyojazwa. Hewa chafu ya mnunuzi ilitoka kweli ikapanda angani, na kule kupungua iliyofidiwa nako kulitoka ofisini.

Lakini katika uchunguzi huo huo mna jambo la kutia moyo, na asiye na chuki atalitaja. Miradi iliyopima nishati yenyewe inavyotumika nyumbani, kwa mita, ilizidi ukweli mara 1.5 tu. Bado si haki kamili, lakini ni mbali sana na mara 9. Tofauti haikutokana na utakatifu wa watu wake. Ilitokana na mita, ambayo haijui kusifu. Mita kama hizo zipo tayari: wako watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaonunua gesi kidogo kidogo kwa simu, na mita iliyo juu ya mtungi huhesabu kila kinachotumika. Basi asituambie mtu kuwa kupima haki hakuwezekani.

GARI LILILOJUA LINAPIMWA

Na tusidhani kwamba upunjaji huu umeletwa na umaskini wa Waafrika na uchache wa maabara. Mwezi Septemba 2015 serikali ya Marekani iliutangazia ulimwengu kuwa kampuni ya Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo. Likiwa kwenye kipimo, gari lilitoa moshi safi. Likitoka barabarani, lilitoa gesi za naitrojeni kufikia mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kuwa programu hiyo imo katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Magari hayo yaliuzwa kwa jina la dizeli safi, kama uvumbuzi wa kuhifadhi mazingira.

Nani aliyeifichua hila hiyo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao hawakuwa na gari la kuuza, walifunga vyombo vyao kwenye magari na kuyaendesha barabarani, na mwaka 2014 wakatoa walichokiona. Mpimaji alikuwa mtu wa nje, na kipimo kilifanywa mahali ambapo kitu hutumika. Masharti hayo mawili yalitosha kuiangusha hadaa ya moja katika kampuni kubwa kabisa za dunia. Ndiyo masharti ninayoyataka kwa jiko la mama wa Kilwa.

WANAYOTUJIBU

Hutujibu kwanza kuwa kuhesabu vilivyogawiwa ni rahisi, na kwenda jikoni kwa watu ni ghali. Ni kweli. Lakini fedha za picha, za mikutano ya hoteli na za tiketi za ndege hupatikana. Anayeweza kugawa majiko 10,000 aweza kumlipa mtu akazifuatilie nyumba 100 zilizochaguliwa kwa kura, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Hutujibu pili kuwa tukiwabana wahisani wataondoka na majiko yao. Mhisani anayeondoka kwa sababu ameombwa kopo zima alikuwa hakuja kwa ajili yetu. Na aliyekuja kwa ikhlasi atafurahi, kwa kuwa kipimo cha haki ndicho kitakachomtenganisha na laghai. Leo hii wote wawili wanauza cheti chenye jina moja, na kazi njema ya yule mwaminifu inaoza pamoja na ya mwenzake.

Hutuuliza tatu: basi mnakataa kabisa biashara hii ya hewa? Sikatai. Huko Gazi na Makongeni, katika Kwale, tangu mwaka 2013 wanakijiji wanaulinda msitu wa mikoko wa hekta 117 kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wakauza hewa inayohifadhiwa humo, na fedha zikaingia katika maji na shule za vijiji vyao. Mkoko hauwezi kujificha. Unapimwa unene wake pale uliposimama, na mwenye shaka aweza kukunja suruali akaingia topeni akahesabu. Ninachokitaka kwa jiko ni uwazi kama huo.

MIZANI IRUDI NYUMBANI

Mfano wa uvumbuzi uliopimwa kwa haki tunao hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Kenya, ilichukuliwa fikra ya jiko la ndoo la Thailand ikachanganywa na jiko la bati la kienyeji, likapatikana jiko lenye kiuno, nje bati na ndani kauri. Mwanzo lilikuwa na kasoro zake, kauri ikipasuka, na mafundi wa jua kali wakazirekebisha kidogo kidogo huku wakiigana. Liliuzwa sokoni kwa fedha ya mnunuzi, likaenea mpaka nchi jirani. Aliyelipima ni yule yule aliyekuwa akinunua mkaa kila siku. Aliona kuwa kopo lililokuwa likiisha adhuhuri sasa linafika magharibi, akamwambia jirani yake, jirani akanunua. Lisingemfaa, angeliacha dukani. Mpimaji na mwenye faida alikuwa mtu mmoja, na muuzaji hakuwa na namna ya kulibonyeza kopo.

Hata hivyo jiko hilo nalo tusilizidishie sifa. Limepunguza mkaa, lakini mkaa bado hutoa ile gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, ambayo huua watu waliolala na jiko ndani. Na akiba ya nyumba moja haituambii khabari ya pori. Tangu mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alikwisha kuonya kuwa mashine zilipoanza kutumia makaa ya mawe kidogo kwa kazi ile ile, nchi yake ilizidi kuyatumia kwa jumla, kwa kuwa kazi zilizotumia mashine ziliongezeka. Miji yetu inakua, wapishi wanaongezeka, na malori ya mkaa hayajapungua njiani kwa sababu tu kila jiko moja limekuwa na adabu.

Kwa hiyo vipimo viwe vitatu, na kimoja kisichukue nafasi ya kingine. Cha kwanza ni kapu: nishati kiasi gani imetumika katika nyumba, majiko yote ya nyumba hiyo yakihesabiwa, mwaka baada ya mwaka. Cha pili ni kifua: hewa wanayoivuta mpishi na mtoto ina vumbi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka kiwango cha vumbi laini kisichozidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na vipo vyombo vidogo ambavyo mtu huvaa kama kidani vikapima. Cha tatu ni pori: miti iliyosimama imeongezeka au imepungua. Atakayetuletea idadi ya vilivyogawiwa pekee aambiwe kwamba ametuletea hati ya kupokelea mzigo, na khabari ya maendeleo bado twaingoja.

Nanyi wenye nyumba msikae mkingoja wakubwa. Akija mtu mlangoni na jiko jipya, mkaribisheni vizuri, mpeni kahawa. Kisha muulizeni, kabla ya kutia saini: Karatasi hii inasema nini kwa Kiswahili, na nani analipwa kwa moshi wetu, kiasi gani? Sufuria letu kubwa litakaa juu ya jiko hili, na makaa ya kupalia tutayapata wapi? Likivunjika, fundi ni nani na yuko wapi? Mkikubali, fanyeni jambo jepesi ambalo hata mtoto wa chuoni aweza kulifanya. Wiki mbili andikeni daftarini mkaa mlioununua kwa jiko la zamani, na wiki mbili kwa jiko jipya, na mwaandike na wageni waliokula. Baada ya mwaka rudieni. Daftari hilo litunzeni. Siku atakapokuja mtu wa kampuni na kalamu yake kuuliza kama jiko linatumika, msimjibu kwa haya wala kwa kutaka kumridhisha mgeni, kwani ndio udhaifu wetu watu wa Pwani. Mwonyesheni daftari.

Wakikataa kulitazama, mtakuwa mmejua kopo lao likoje.